Omena inafunguliwa Agosti: venye utatayarisha boti, injini, nyavu na pikapu mapema

Uvuvi wa omena, wale dagaa wadogo, hufungwa kila mwaka kutoka 1 Aprili hadi 31 Julai ndio samaki wazaane, na huku kwetu Ziwa Victoria upande wa Kenya, iwe Dunga, Usenge ama Sori, wengi hungoja hadi ile wiki ya mwisho ya Julai ndio waanze kukimbizana na fundi. Sasa fundi ni yule yule mmoja, boti ni nyingi, kila mtu anataka ya kwake imalizwe kesho, kazi inalipuliwa tu. Tafadhali anza Julai ikianza, na uanze na boti yenyewe, injini ingoje. Wengi wanamaliza pesa yote kwa injini, alafu boti inapakwa rangi juu juu. Injini ikizima huko ndani utapiga kasia ama wenzako wakuvute, lakini ubao ukifunguka usiku na mawimbi yako juu, hiyo ni maisha ya watu.

Boti ya mbao ikikaa nchi kavu miezi minne inakauka, mbao zinasinyaa na zile nafasi katikati yake zinafunguka. Ukisimama kando hutaona kitu. Ipindueni, mtu mmoja aingie chini mchana jua likiwa kali, na popote ataona mwangaza unapenya aweke alama ya makaa. Alafu chukua kisu chenye ncha, dunga dunga mkuku wote (ule ubao mrefu wa chini katikati ya boti), sehemu ya nyuma penye injini inafungwa, na kando ya kila msumari. Mbao nzima inakataa kisu, iliyooza inakikaribisha. Hiyo iliyooza usiijazie kitu, kata utoe, weka ubao mpya. Misumari iliyoliwa na kutu pia itolewe, na ule mpya usirudishe kwa shimo la zamani, sogeza kidogo ama utumie mnene zaidi, juu shimo la zamani halishiki.

Ukifika kwa pamba, ile ya kuziba nafasi katikati ya mbao, hapa ndio mafundi wengine huharibu. Toa pamba yote ya zamani, sokota mpya, ichovye kwa mafuta, alafu isukume ndani polepole na patasi butu. Usiigonge hadi ikazane kabisa wakati boti bado kavu, juu mbao ikinywa maji inavimba, na kama hakuna nafasi itasukuma mwenzake hadi misumari ilegee. Weka ya kiasi, alafu shukisha boti kwa maji ya kina kifupi, ifunge hapo siku mbili tatu. Itaingiza maji sana mwanzoni, usiogope, nyingi itajifunga yenyewe. Penye bado panavuja baada ya hapo ndio shida ya ukweli, weka alama, ivute nje, pamalize. Ikikauka juu paka rangi, na ile namba ya usajili iandikwe upya isomeke, kwa sababu BMU (kamati ya kusimamia beach) na wakaguzi wote wanaanza na hapo.

Sasa injini. Nyingi zetu ni tu-stroki, zile za kuchanganya oili na petroli, za nguvu ya farasi 15 ama 25. Petroli yoyote iliyobaki tangu Machi mwaga kwa chombo, usiitumie kuanzisha, inaacha gundi kwa kabureta na utasumbuka na kamba ya kuwashia hadi mkono uchoke. Osha kabureta, badilisha filta, toa plagi uisugue ama ununue mpya na ubebe ya ziada kila usiku. Oili ya kuchanganya, injini nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 200 kwa petroli lita 10, lakini soma kitabu cha ile yako, na usikadirie na kifuniko cha chupa. Pima.

Alafu gia. Fungua ile skurubu ya chini kidogo tu uone oili ya kwanza inatoka na rangi gani. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia, sili (raba ya kuzuia maji) imeisha, na ukiiacha hivyo gia zitakatika msimu ukiwa katikati. Kitu kingine ni impela ya pampu ya maji, ni kipande kidogo cha raba, hakigharimu kama kubadilisha injini. Raba ikikaa bila kazi inakauka inapasuka. Washa injini ikiwa ndani ya maji, angalia kale kamkondo kanatoka nyuma: kakiwa hafifu ama hakuna, zima mara moja. Na kwa sisi wa upande wa ghuba, magugu yanaziba pale maji huingilia, kwa hivyo mkishapita katikati ya magugu, simameni muangalie.

Nyavu ni kazi ya kukaa kivulini na watu mnaongea, lakini ifanywe na makini. Ianike, ipitishe yote mkononi, shona kila tundu, angalia maboya yaliyopasuka na chubwi zilizodondoka, kamba iliyoota nywele badilisha. Macho ya neti ya omena yasipungue milimita 10. Kupima ni rahisi, vuta macho kumi kwa mstari yakaze, weka rula, ifike sentimita 10. Isipofika hiyo neti usiishukishe, na sio tu juu ya kushikwa. Ile ndogo inabeba watoto wa samaki wote, na hao ndio Agosti ya mwaka ujao.

Taa za LED angalia waya na mahali pa kuunganisha, kutu yote isuguliwe, paka grisi kidogo. Betri iliyolala bila chaji miezi minne mara nyingi imekufa. Ichaji ijae, iache ipumzike usiku mmoja, pima: volti 12.6 hapo ni sawa, ikishuka hadi 12 tafuta nyingine. Na kumbuka mwezi mpevu taa haivuti omena vizuri, kwa hivyo angalia mwezi uko wapi kabla ya kukopa pesa ya petroli.

Pikapu ni haraka: springi, breki, tairi ya akiba, jeki, na turubai isiyo na matundu. Body ioshwe kabisa kama ilibeba mbolea ama petroli, omena inashika harufu. Injini ya boti ukiibeba, maji yote yatoke kwanza, na kichwa kiwe juu kuliko upande wa propela, la sivyo maji yanarudi ndani ya silinda.

Laifu jaketi moja kwa kila mtu, mikanda yote ifunge, na zivaliwe, zisikaliwe. Malizia leseni mapema, alafu kabla ya usiku wa kwanza toka mchana na watu wote na mizigo yote, zungukeni karibu na beach nusu saa hivi, nyavu zishushwe na zivutwe, na mwangalie maji yaliyoingia chini ni ngapi. Kitu ikikataa hapo bado fundi anaonekana kwa macho.