Kuweka Redmine kwenye seva ya ofisini: mwongozo kwa timu ndogo

Timu nyingi ndogo za programu hapa Mwanza hufuatilia hitilafu kwenye kundi la WhatsApp. Mteja wa soko la Mwaloni, Kirumba, anatuma picha ya skrini asubuhi, mtu anajibu "nimeiona", kisha ujumbe wa mchana unaifunika na wiki inayofuata mteja yuleyule analalamika upya. Kila hitilafu inapaswa kuwa na namba, mtu wa kuishughulikia, na hali inayoonekana na wote. Redmine ni mfumo wa kufuatilia hitilafu kwa namna hiyo. Ukiuweka kwenye mashine yenu wenyewe, kazi ya ofisini inaendelea hata bando likiisha.

Kuchagua

Swali langu la kwanza ni hili: programu ikianguka, nani kati yenu anaweza kuiinua? Bugzilla, iliyotoka Mozilla mwaka 1998, ni imara, lakini imelenga hitilafu kuliko mipango ya mradi. MantisBT imeandikwa kwa lugha ya PHP na ni nyepesi; kama mnataka orodha ya hitilafu tu, ichukueni. OpenProject ni nzuri, ila inataka kumbukumbu (RAM) ya GB 4 kwa uchache. Kwa timu ya watu wachache napendekeza Redmine. Ni programu huria iliyoanza 2006, ina hitilafu, kalenda, chati ya Gantt (ratiba ya kazi kwa mistari), kurasa za maelezo za pamoja (wiki) na hesabu ya muda, na kwa timu ndogo mashine ya GB 2 inatosha.

Hatua ya 1: mashine

Laptopu ya zamani yenye betri nzima na diski ya SSD inafaa kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), kwa sababu umeme ukikatika haizimiki papo hapo. Weka mfumo endeshi wa Ubuntu Server, kisha kwenye faili la `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore` ili isilale ukifunika kioo. Ipe anwani isiyobadilika kwenye ruta, mfano 192.168.1.50.

Hatua ya 2: kusimamisha Redmine

Weka Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya makasha yaliyotengwa), tengeneza folda, na ndani yake faili la `compose.yaml`:

```
services:
  db:
    image: postgres:16
    restart: unless-stopped
    environment:
      POSTGRES_USER: redmine
      POSTGRES_PASSWORD: badilisha_hili
      POSTGRES_DB: redmine
    volumes:
      - ./data:/var/lib/postgresql/data
  redmine:
    image: redmine:6.0
    restart: unless-stopped
    depends_on:
      - db
    ports:
      - "3000:3000"
    environment:
      REDMINE_DB_POSTGRES: db
      REDMINE_DB_USERNAME: redmine
      REDMINE_DB_PASSWORD: badilisha_hili
      REDMINE_DB_DATABASE: redmine
    volumes:
      - ./faili:/usr/src/redmine/files
```

Endesha `docker compose up -d`, subiri kidogo, fungua `http://192.168.1.50:3000`. Jina ni admin na nywila ni admin, utalazimishwa kuibadilisha. Mstari wa `restart` ndio unaoinua Redmine na kanzidata zenyewe mashine ikiwaka tena. Usiache kutaja PostgreSQL (kanzidata, yaani programu inayotunza data), maana bila hivyo Redmine itatumia kanzidata ndogo ya SQLite, na hiyo haifai kwa watu kadhaa wanaoandika kwa pamoja.

Kwenye mipangilio, lazimisha kila mtu aingie kwa akaunti yake. Usifungue mlango (port) wa 3000 kwenye intaneti. Mwenzenu aliye sokoni aingie kupitia WireGuard (VPN, njia ya siri ya kufikia mtandao wa ofisi).

Hatua ya 3: hali za kazi, kwa Kiswahili

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Redmine ina kitufe cha kujaza mipangilio ya kuanzia, lakini mimi hukiacha. Vitufe vitabaki kwa Kiingereza, ila majina ya aina za kazi, hali na vipaumbele unayaandika wewe. Aina mbili zinatosha: Hitilafu na Ombi. Hali nne: Mpya, Inashughulikiwa, Imetatuliwa, Imefungwa. Kwenye Imefungwa weka alama kwamba hali hiyo inafunga kazi. Ongeza vipaumbele, kisha majukumu mawili, Fundi na Mjaribu.

Halafu ingia sehemu ya Workflow (nani anaruhusiwa kubadili hali ipi), ambayo wengi huiruka na kushangaa kwa nini watumiaji hawawezi kubadili hali. Fundi mruhusu kutoka Mpya hadi Inashughulikiwa, na kutoka hapo hadi Imetatuliwa. Kufunga mwachie Mjaribu, pamoja na kurudisha kazi kwa Fundi ikiwa tatizo bado lipo. Aliyerekebisha asiwe ndiye anayethibitisha. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote jingine, kwa sababu mteja ndiye anayelipia uthibitisho wa uongo.

Hatua ya 4: kuandika hitilafu

"Risiti haifanyi kazi" haimsaidii fundi. Andika hivi:

*Risiti inatoka mara mbili mtandao ukirudi.*
*1. Fungua mauzo ya dagaa, gunia 3. 2. Zima data ya simu. 3. Bonyeza Hifadhi. 4. Washa data.*
*Ilitarajiwa: risiti moja. Imetokea: risiti mbili, namba tofauti, kiasi kilekile.*
*Simu ya Android, toleo la programu 1.4. Picha imeambatishwa.*

Fundi akisoma hapo anajua aanzie wapi kutafuta. Mteja aendelee kutuma WhatsApp akipenda. Anayepokea ndiye aandike kwenye Redmine na kumjibu kwa namba ya hitilafu.

Hatua ya 5: nakala rudufu

```
docker compose exec -T db pg_dump -U redmine redmine > redmine.sql
```

Weka amri hiyo kwenye cron (kipanga ratiba cha Linux) kila usiku, ikitanguliwa na `cd` ya kuingia folda yenye `compose.yaml`, kisha nakili `redmine.sql`, `compose.yaml` na folda ya `faili` kwenye diski iliyo nje ya jengo. Picha zilizoambatishwa hazimo kwenye kanzidata, kwa hiyo ukiisahau `faili` umezipoteza.

Jaribu kurudisha kwenye mashine nyingine kabla hujaihitaji. Anzisha kanzidata peke yake kwanza, kwa sababu Redmine ikiwaka mapema itaunda majedwali yake na data zako zitagongana nayo:

```
docker compose up -d db
docker compose exec -T db psql -U redmine redmine < redmine.sql
docker compose up -d
```

Fungua hitilafu moja ya zamani uone kama picha yake inafunguka. Ukitaka kupandisha toleo la Redmine, chukua nakala kwanza, badilisha namba kwenye `compose.yaml`, endesha `docker compose up -d`. PostgreSQL usiipandishe kwa kubadili namba tu: toleo kubwa jipya halisomi folda ya `data` ya toleo la zamani, hivyo anza na folda tupu na urudishe kutoka `redmine.sql`.