Hedhi imechelewa: jinsi ya kujua kama ni mimba

Kabla ya kuanza kuzihesabu dalili, tafuta tarehe moja: siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ni siku damu ilipoanza kutoka hadi ukahitaji pedi, si siku ilipokata. Iandike kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani. Dukani, zahanati na kliniki ya wajawazito wote wataanza kwa kukuuliza tarehe hiyo.

Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hupevuka karibu na siku ya 14, na mwenye wa siku 35 ni karibu na siku ya 21. Likirutubishwa, huchukua siku 6 hadi 12 kusafiri na kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Hapo ndipo mwili unapoanza kutoa hCG, homoni inayotafutwa na kipimo cha mkojo. Anayejipima siku tatu baada ya kukutana na mwenzake anapoteza hela tu. Hata kama mimba itatunga, bado hakuna cha kupimwa.

Kabla hedhi haijachelewa

Matiti kujaa na kuuma ukiyagusa, tumbo kuvuta chini ya kitovu, uchovu, gesi, hasira zisizo na sababu. Wengi huzichukua hizi kuwa ndizo dalili za kwanza, na kweli mjamzito huzipata. Tatizo ni kwamba huletwa zaidi na projesteroni, na homoni hiyo hupanda kila mwezi baada ya yai kupevuka, uwe umeshika mimba au hukushika. Mwanamke anayesubiri mtoto kwa hamu na yule anayeogopa mimba watajisikia vilevile wiki hiyo. Usiamue lolote kwa kutumia matiti.

Kuna damu kidogo ambayo baadhi huiona siku chache kabla ya tarehe ya hedhi, yai linapojishikiza. Ni matone ya rangi ya waridi au kahawia, huonekana unapojifuta, na huisha ndani ya saa chache au siku moja hadi mbili. Haijazi pedi wala haina mabonge. Wanawake wengi hawaioni kabisa, na wengine huidhani ni hedhi iliyokuja nyepesi, halafu wanahesabu tarehe vibaya kwa mwezi mzima. Hedhi yako ikija fupi na nyepesi kuliko kawaida yako, jipime hata kama damu imetoka.

Baada ya kuchelewa

Kwa mwenye mzunguko unaoeleweka, kukosa hedhi ndiyo dalili yenye uzito kuliko zote. Nyingine hufuata taratibu. Kichefuchefu huanza mara nyingi kwenye wiki ya 6 ukihesabu kutoka hedhi ya mwisho, hukolea karibu na wiki ya 9, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Huitwa cha asubuhi, ila huja hata saa kumi jioni mtu anapokaanga vitunguu nyumba ya jirani. Harufu ulizozizoea zinakuwa kero: mafuta ya kupikia, samaki, manukato ya mume. Wengine hujaa mate mdomoni kiasi cha kutembea na kikopo cha kutemea. Weusi unaozunguka chuchu hukolea na vijipele vyake huvimba, na dalili hii ina maana zaidi kuliko matiti kuuma peke yake.

Haja ndogo huongezeka kwa sababu figo zinapitisha damu nyingi zaidi. Lakini ukikojoa kunauma au kunachoma, hiyo si mimba, mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, na mjamzito akiwa nayo anahitaji matibabu haraka.

Halafu kuna malaria. Uchovu, kutapika, kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula: orodha inafanana na ya mimba changa, na katika maeneo yenye malaria watu hukosea pande zote mbili. Kinachotenganisha ni homa. Mimba hupandisha joto la mwili kidogo tu, halifiki kwenye homa wala haileti baridi ya kutetemeka. Ukiwa na homa, pima malaria na mimba siku hiyohiyo, na umwambie anayekuandikia dawa kwamba huenda una mimba, kwa sababu dawa utakayopewa inategemea jibu hilo. Kumeza dawa iliyobaki ya mtoto au ya jirani ndiko kunakoleta madhara.

Hamu ya kula udongo, ule wa pemba unaouzwa sokoni au odowa kama wasemavyo Kenya, huenda pamoja na upungufu wa damu, na mwanamke asiye na mimba anaweza kuwa nayo. Udongo huo unaweza kuwa na mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Ukijikuta unautamani, kapimwe wingi wa damu.

Kujipima kwa mkojo

Kipimo cha kikaratasi cha duka la dawa kinatosha. Cha bei kubwa hakikupi jibu la kweli zaidi, kinakupa tu plastiki ya kushikia. Angalia tarehe ya kuisha muda wake na uhakikishe pakiti haijatoboka, kwa sababu unyevu hukiharibu. Usiifungue hadi uwe tayari.

Siku nzuri ni ile ambayo hedhi ilipaswa kuja au baada yake. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Usinywe maji mengi kwanza ili mkojo uje. Maji huizimua homoni, na wiki hizo homoni yenyewe bado ni chache.

Kojoa kwenye kikombe safi na kikavu, kisichokuwa na mabaki ya sabuni. Chovya kikaratasi upande wenye mishale, wima, bila kuvuka mstari ulioandikwa MAX, kwa sekunde zilizotajwa kwenye pakiti, kwa kawaida 5 hadi 15. Kuvuka mstari huo ndilo kosa la kawaida: mkojo hupanda hadi sehemu ya kusomea na jibu linavurugika. Kilaze juu ya kitu kikavu, soma baada ya dakika 3 hadi 5, na ukifika dakika 10 kitupe.

Mstari wa C huonyesha kipimo kinafanya kazi, wa T ndio wa mimba. Mstari mmoja kwenye C: hakuna mimba iliyoonekana. Miwili, C na T: una mimba, hata kama wa T umefifia. Hakuna mstari kwenye C: kipimo kimeharibika, hata kama T imetokea; nunua kingine. Mstari uliofifia lakini wenye rangi, uliotokea ndani ya muda, ni mstari. Ule wa kijivu usio na rangi, unaojitokeza baada ya nusu saa ulipokirudia kikaratasi kukiangalia tena, ni alama ya mkojo kukauka. Ukibaki na wasiwasi, rudia baada ya siku mbili au tatu: hCG huongezeka karibu mara mbili kila siku 2 hadi 3 mwanzoni, kwa hiyo mstari wa mimba inayoendelea unapaswa kukolea.

Jibu likisema hakuna na hedhi haijaja, rudia baada ya wiki. Huenda yai lilichelewa kupevuka mwezi huo, jambo linalotokea kwa msongo, ugonjwa, safari au kupungua uzito. Asiyejua mzunguko wake na aliyemeza P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba) wahesabu siku 21 tangu walipokutana na mwanamume mara ya mwisho bila kinga. Jibu la siku hiyo linaaminika. Aliyejifungua au kutokwa na mimba wiki chache zilizopita anaweza kuona mistari miwili ya homoni iliyobaki, na vivyo hivyo aliyechomwa sindano ya hCG kwenye matibabu ya uzazi.

Sindano ya uzazi wa mpango na vijiti hukatisha hedhi bila mimba. Anayenyonyesha naye anaweza kushika mimba kabla hajaona hedhi hata moja, maana yai hutangulia damu.

Kupima mimba kwa chumvi, sukari, dawa ya meno au jiki kuache. Povu la dawa ya meno hutokana na chokaa yake kukutana na asidi ya mkojo, na mkojo wa mwanamume pia unaweza kulitoa. Jiki ikichanganyika na mkojo hutoa hewa inayoumiza mapafu.

Mistari ikiwa miwili

Umri wa mimba huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, si siku mlipokutana. Siku hedhi inapochelewa, mimba tayari huitwa ya wiki 4, ingawa imetungwa wiki 2 tu zilizopita. Hesabu hii imezua ugomvi katika nyumba nyingi: mume alirudi safari wiki nne zilizopita, kadi inasema wiki sita, na maneno yanaanza. Hakuna kosa hapo; toa wiki mbili upate umri halisi. Kupata tarehe ya kujifungua, ongeza siku 7 na urudi nyuma miezi 3: hedhi ya tarehe 10 Machi inakupa 17 Desemba.

Anza foliki asidi mara moja, mikrogramu 400 kwa siku, maana mfereji unaokuwa uti wa mgongo wa mtoto hufunga karibu na wiki ya 6, kabla wengi hawajafika kliniki. Acha pombe na sigara. Diklofenaki na ibuprofeni ziweke kando, na upigapo eksirei sema kwanza. Unayetumia ARV, dawa za kifafa au za presha, usiache mwenyewe. Nenda ukazungumze, zinaweza kubadilishwa. Kliniki fika kabla ya wiki ya 12.

Kichefuchefu hupoa kidogo kwa kula mkate mkavu kabla ya kuinuka kitandani na kula kidogo kidogo mara nyingi. Ukitapika hata maji kwa siku nzima, au mkojo ukawa wa rangi ya chai au ukakata, hospitali.

Maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia, maumivu kwenye ncha ya bega, pamoja na damu au bila damu, ni dalili za mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Kipimo cha mkojo hakiwezi kukuonyesha hilo. Kitasema una mimba tu. Mrija wa uzazi ukipasuka, damu humwagika ndani bila kuonekana, kwa hiyo nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, usiku au mchana. Aliyepata mimba akiwa na kitanzi, aliyefunga kizazi, au aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo asingoje maumivu: afanyiwe ultrasaundi mapema, karibu na wiki ya 6 au ya 7, ionekane mimba imekaa wapi.