Kuichambua namba kubwa kwa kalamu tu: mfano wa 724,590

Katika tuisheni za jioni hapa Langoni, Lamu, swali linalowakwamisha wanafunzi wangu ni hili: umepewa namba kubwa, taja vigawo vyake tasa (vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe), sema vigawo vyote ni vingapi, kisha sema ni namba ya aina gani: ya ziada, kamilifu au pungufu. Tuichukue 724,590. Simu weka kando. Kikokotoo kitakugawia, ila hakikwambii ugawanye kwa ngapi.

Hatua ya 1. Inaishia na 0, basi 10 inaigawanya. Jumla ya tarakimu zake ni 27, basi 9 nayo inaigawanya. Gawanya kwa 90, upate 8,051.

Hatua ya 2. Hapa ndipo alama zinapopotea. Mwanafunzi mmoja alijaribu 7, 11, 13 na 17, zote zikakataa, akaipigia 8,051 mstari na kuandika pembeni "tasa". Sivyo, mwanangu. Huna haki ya kuiita tasa mpaka ufike kwenye kipeuo chake cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 8,051: hapa ni 89 na ushei. Vigawo huja viwili viwili. Vyote viwili vikizidi kipeuo, zao lao litaipita namba yenyewe. Kwa hiyo zimebaki namba tasa zote kuanzia 19 hadi 89.

Mimi nikishavuka 20 huhamia njia aliyoieleza Mfaransa Pierre de Fermat mwaka 1643, na naipenda kuliko zote. Chukua namba nzima iliyo juu tu ya kipeuo: 90. Mraba wake ni 8,100. Toa 8,051, inabaki 49, ambayo ni mraba wa 7. Basi:

8,051 = 90² − 7² = (90 − 7) × (90 + 7) = 83 × 97

Kama tofauti isingekuwa mraba, ungeenda 91, kisha 92, na kuendelea. Lakini angalia: namba iwe witiri, na njia hii ni ya haraka pale tu vigawo vinapokaribiana. 8,071 ni 7 × 1,153. Ukianza na Fermat utatoka 90 mpaka 580 ndipo uipate. Ndiyo maana tasa ndogo hutangulia. Hakikisha pia kwamba 83 na 97 zenyewe ni tasa.

Hatua ya 3. 724,590 = 2 × 3² × 5 × 83 × 97. Ongeza 1 kwenye kila kipeo (ile namba ndogo ya juu, kama 2 katika 3²; pasipoandikwa kitu ni 1), uzidishe: 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = vigawo 48.

Hatua ya 4. Jumla ya vigawo vyote ni 3 × 13 × 6 × 84 × 98 = 1,926,288. Hiyo 3 ya kwanza ni 1 + 2, 6 ni 1 + 5, 84 ni 1 + 83, 98 ni 1 + 97, na 13 ni 1 + 3 + 9. Wengi husahau 3 ya katikati. Ondoa namba yenyewe, inabaki 1,201,698. Imeizidi 724,590, basi ni namba ya ziada. Zingelingana ingekuwa kamilifu, kama 28. Ingepungua ingekuwa pungufu. Mgawanyo huu ni wa tangu enzi za Nicomachus wa Gerasa, karne ya kwanza hadi ya pili.

Sasa jaribu 8,633. Anzia 93.