Mtoto anayesema "sijui kuchora", mpe mkasi

Mwanao akikuambia hajui kuchora, usimpe penseli. Mfungulie kitabu cha Eric Carle, yule Mmarekani aliyetoa kisa cha kiwavi mlafi mwaka 1969, mtafute pamoja mstari wa penseli. Ni vigumu kuuona. Carle alikuwa anapaka rangi kwenye karatasi nyembamba, zile laini kama za kufungia zawadi, anaziacha zikauke, kisha anakata vipande na kuvibandika mpaka kiwavi anatokea.

Nyumbani fanyeni kwa siku mbili. Siku ya kwanza ni kuchafua karatasi tu, hakuna kuchora kitu. Kitana kikuukuu kikiburutwa juu ya rangi mbichi kinaacha kama manyoya; sifongo ikigongwagongwa inatoa madoadoa ya chui. Anikeni zikauke usiku kucha. Hapa ndipo wengi tunaharibu kwa haraka zetu, maana karatasi yenye unyevu haikatiki, inachanika.

Kesho yake ndiyo mkasi. Mwekee zote sakafuni, umuulize kila moja inafanana na nini. Ile ya kijani yenye mikwaruzo ni mamba au ni jani la mgomba? Yeye ndiye aseme. Gundi si lazima ya dukani, uji mzito wa unga wa ngano unashika vizuri (ukishapoa, jamani). Na ukiona mamba wa zambarau, nyamaza. Ukimsahihisha tu, utamsikia tena: "sijui kuchora."

Mabaki msitupe, yawekeni kwenye bahasha. Vipande vidogo ndivyo vinavyofaa kutengenezea macho ya wanyama.