Somo: "Eager", neno lililotoka kwenye siki

Wengi tumekariri kwamba eager ni "-enye hamu" tukaishia hapo. Leo tulifuate hadi jikoni, maana ladha yake ya kwanza iko huko.

Kwanza, litamke: ii-ga. Vuta irabu ya mwanzo.

Pili, asili. Kilatini kina acer, yaani kali. Kwa Kifaransa cha kale likawa aigre, kali kwa ulimi, chachu. Kiingereza kililipata kwa Kifaransa kilichoingia na Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066. Hata vinegar, yaani siki, ni vin aigre, mvinyo mchachu. Siki na hamu ni ndugu wa tumbo moja! Katika Hamlet ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unaeleza sumu ilivyogandisha damu yake "like eager droppings into milk". Kamulia ndimu kwenye maziwa ya moto, utazame yanavyokatika mabonge mabonge: hiyo ndiyo eager ya zamani. Maana ya uchachu imeshatoweka, umebaki ukali wa moyo unaotaka jambo.

Tatu, matumizi. Kikifuata kitenzi, weka to: She is eager to learn. Ikifuata nomino, weka for: They are eager for news. "Eager to learning" ni kosa ninalolikuta mno kwenye madaftari. Lishikeni hili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Eager na anxious zinatofautianaje?
Jibu: Marahaba. Anxious ina wasiwasi ndani yake. Unasubiri matokeo ya mtihani, usingizi hauji: anxious. Unamsubiri dada anayerudi kutoka safari, uwanja umeshafagiwa na chai iko jikoni: eager. Hamu yetu nayo inatokana na hamm ya Kiarabu, ambayo ni wasiwasi, mzigo wa moyo. Kwetu mzigo ule uligeuka kuwa kutamani.

Swali: Mtoto mwenye kiherehere naye ni eager?
Jibu: Hapana. Kiherehere ni lawama, eager mara nyingi ni sifa. Anayejibu kabla swali halijaisha, huyo mwite overeager.

Swali: Naweza kuliandika kwenye barua ya kuomba kazi?
Jibu: Andika, ila mara moja tu: I am eager to learn from your team. Kisha taja kazi uliyoifanya kwa mikono yako.