Mume na mke kwenye kilomita 21: namna ya kufika pamoja

Kabla hata ya kununua viatu, amueni: mtakimbia bega kwa bega mwanzo hadi mwisho, au kila mtu atakimbia mbio zake mkutane mwishoni? Yote mawili ni sawa. Kinachoharibu siku ni kuondoka bila kukubaliana. Mmoja anasubiri kwa kinyongo, mwingine anafukuza mpaka pumzi inakata, na mkifika kilomita ya 16 hakuna anayemsemesha mwenzake. Maelekezo haya ni ya wanaotaka kufika pamoja, na kwao sheria ni moja: kasi ni ya yule mwenye mwendo mdogo.

Kasi hiyo itafuteni kwa hesabu. Wiki tatu kabla ya mbio, mwenye mwendo mdogo akimbie kilomita 10 kwa nguvu zake, kisha zidisheni muda wake kwa 2.2. Akitumia dakika 68, mnapata karibu dakika 150, yaani saa 2 na nusu, karibu dakika 7 na sekunde 7 kwa kilomita. Hesabu hii inakubali kwa aliyefanya mazoezi ya mbio ndefu tu. Asiyeyafanya itamdanganya.

Mazoezi ni wiki 12, kwa sharti kwamba wote wawili tayari mnakimbia kilomita 5 bila kusimama. Kama bado, ongezeni miezi miwili mbele. Mbio ndefu ifanyeni pamoja Jumamosi alfajiri, kwa kilomita hizi: 8, 9, 10, 8, 11, 12, 14, 11, 16, 18, 13, na wiki ya 12 ni mbio yenyewe. Zile wiki zinazoshuka msiziruke, maana ndizo zinazopumzisha goti na kano ya kisigino. Alhamisi kimbieni kilomita 5 hadi 6 za taratibu, mkiwa mnaongea sentensi nzima bila kuhema. Jumanne kila mtu afanye yake: mwenye kasi akimbie mita 800 mara 6, mwenzake apandishe mlima dakika moja moja mara 8. Vilima vya Chimwaga, kwenye barabara za Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), vinafaa sana kwa kazi hiyo. Mwenye kasi akinyimwa Jumanne yake, ataitafuta Jumamosi mgongoni mwa mwenzake.

Wenye watoto wadogo gawaneni Jumanne: mmoja alfajiri, mwingine jioni. Jumamosi ndiyo ya kumwomba bibi au dada wa nyumbani abaki na watoto.

Sasa jambo linalowashinda wengi, nalo ni nusu hatua. Mwenye kasi hujiona yuko sambamba, kumbe bega lake limetangulia kidogo. Mwenzake bila kufikiri analifuata, naye wa mbele akisikia hatua zinakaribia anasogea tena. Ndani ya kilomita 4 kasi yenu imepanda kwa sekunde 20 kwa kila kilomita na hakuna aliyekusudia. Dawa yake ni kumpa mwenye mwendo mdogo saa ya mkononi na mamlaka yote ya kasi. Mwenye kasi aangalie bega la mwenzake: akiliona pembeni kabisa ya jicho, ametangulia. Wekeni pia neno moja lisilo na lawama, kama “Baba Neema, shusha,” likitamkwa anashusha papo hapo bila kuuliza kwa nini. Anayeruhusiwa kukaa mbele ni mwenye kasi wakati wa upepo wa kiangazi unaopiga usoni. Hapo mwenzake akae nyuma yake hatua moja ajikinge.

Hewa kavu ya Dodoma inaficha jasho. Shati halilowi kama la mkimbiaji wa Dar es Salaam, lakini ukifika nyumbani unakuta michirizi myeupe ya chumvi kwenye kola na kwapani. Basi jipimeni kwenye mizani kabla na baada ya mbio ndefu: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Kila mtu ajipime yake, kwa sababu watu wawili hawatoki jasho sawa. Kinywaji cha nyumbani kinatosha: maji lita 1, sukari vijiko 4 vya chakula, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu. Juisi ya ukwaju iacheni mpaka mmalize, inalegeza tumbo.

Viatu vya mtumba vinafaa ukivikagua. Bonyeza soli kwa gumba upande wa kisigino. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi pembeni, imekwisha. Acha nafasi ya upana wa gumba mbele ya kidole kirefu, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Msivae kiatu kipya siku ya mbio. Mkipita njia za vumbi, kagueni soli kwa mbigili kabla ya kuondoka.

Barabarani kimbieni upande wa kulia mkiyatazama magari, mmoja nyuma ya mwingine, na vizibao vinavyong'aa. Mwezi wa Saba, saa 11 na nusu alfajiri bado ni giza.

Siku moja kabla ya mbio kuleni wali au ugali wa kawaida na mboga isiyo na mafuta mengi. Mbio zikiwa Jumapili, mnada wa Msalato wa Jumamosi upiteni mbali. Nyama choma nyingi itakuwa bado tumboni asubuhi. Saa mbili na nusu kabla ya kuanza, kila mtu apate uji kikombe, vipande 2 vya mkate na asali. Pakeni mafuta ya mgando mapajani na kwapani. Mwanamke apake chini ya mkanda wa sidiria, mwanamume kwenye chuchu.

Kilomita 3 za mwanzo zipungukiwe kasi kwa sekunde 15 kila moja, hata umati ukiwapita. Meza ya maji ni kazi ya mwenye kasi: atangulie mita 50, achukue vikombe viwili, amsubiri mwenzake akitembea. Tende 4 kwa kila mtu kilomita ya 8, nyingine 4 ya 14. Misuli ikikaza, tembeeni wote dakika 2. Lakini mmoja akisikia baridi huku jua linawaka, akianza kuongea ovyo au kuyumba, mbio zenu zimeishia hapo: kivulini, mwagieni maji, iteni huduma ya kwanza.

Msibadilishane namba za kifuani, kwani chipu, kile kifaa kidogo cha kupima muda, hupima mtu mmoja mmoja. Mkishikana mikono mwishoni, kaeni upande mmoja ili wa nyuma wapite, kisha endeleeni kutembea dakika 10 kabla ya kukaa.