Kabla bibi hajaanza hizi sindano za bayolojiki, malizeni haya

Kama bibi ana baridi yabisi, vidole vimeshapinda, methotrexate, ile dawa ya kawaida ya kuanzia, imeshindwa na daktari ameanza kutaja adalimumab sijui etanercept, ndio hizo sindano za bayolojiki, dawa zinazotengenezwa kwa chembe hai, najua mtaanza na bei. Bei ni kubwa ndio, na bima muwabane waseme wanalipia dozi ngapi, ila mi naanza na kifua.

Hizi dawa zinashusha kinga, na zile za kuzuia TNF (protini ya mwili inayoleta uvimbe), kama hizo mbili, zinaweza kuamsha TB iliyolala mwilini toka ujanani. Huku Kilimanjaro wazee kibao washakaa nyumba moja na mtu aliyelazwa Kibong'oto, hospitali ya TB, sasa muulize bibi mbele ya wakwe uone, atasema hamna, yule alikuwa na kikohozi tu. Muulize taratibu mkiwa mnamenya ndizi. Alafu apigwe picha ya kifua na apimwe TB iliyolala, ikikutwa anapewa dawa za kuizuia, mara nyingi angalau mwezi mzima kabla ya sindano. Apimwe pia homa ya ini B, maana rituximab, bayolojiki nyingine, inaiamsha vibaya, na HIV, ndio, hata kama ana miaka 78, mumwambie mapema asione mmemvunjia heshima.

Miguu ikivimba au akilala chali anakosa pumzi, daktari ajue, dawa za kuzuia TNF zinaweza kuzidisha ugonjwa wa moyo. Chanjo za mafua na nimonia aulizie kabla. Na kwa vile kinga imeshuka, maziwa yachemshwe, hata ya ng'ombe wake mwenyewe.

Friji sasa. Dawa inataka nyuzi 2 mpaka 8, sisi ya kwanza tuliisukumia nyuma kabisa kwenye ukuta wa barafu, asubuhi imekuwa jiwe, na ikishaganda ndio basi tena, huyeyushi ukachoma. Hela yote ile, tukabaki tunaangaliana. Weka katikati, umeme ukikatika acheni kufungua fungua mlango, na mkiibeba toka Moshi mpaka Rombo funga kitambaa isigusane na barafu.

Mwisho, mzee anaweza asichemke hata kidogo na kumbe ana maambukizi makali, hasa akiwa anatumia tocilizumab (nayo bayolojiki) au prednisolone (vidonge vya steroidi). Akikataa uji, akianza kuchanganya majina ya wajukuu, msisubiri homa, sindano inasimama mpaka daktari aseme na anapelekwa siku hiyohiyo, kwaio namba ya mwenye gari mtaani iandikwe ukutani leo.